Kumwelezea mtu kwa Kihispania: anza na "ni", "ame" na "yuko" za Kiswahili chako

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko hapahapa Dodoma, anaishi Nzuguni, kazi yake ni kuongoza wageni wanaokwenda kuangalia michoro ya miambani Kolo kule Kondoa. Nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Najifunza Kihispania kwa programu ya simu, maelezo yake yote ni ya Kiingereza. Vivumishi nimekariri vingi sana, alto (mrefu), gordo (mnene), simpático (mcheshi, wa kupendeka), vyote navijua, lakini mgeni akiniuliza habari za nyumbani kwetu nakwama, sijui niseme es au está, sijui ni o au a, na nikikosea wanatabasamu tu hawanisahihishi. Niliandika hivi, naomba uniangalizie: Mi hermana grande es larga y blanca. Hoy ella es cansado. Mi hermano es corto. Mi madre es una persona bueno. La gente de Dodoma son simpáticos. Soy 24 anos."

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeleta na sentensi zenyewe, maana wengi wanaandika tu "mwalimu nifanyeje nikijue Kihispania" mtu unakosa hata pa kushika. Hizi zako zinaonyesha kila kitu, na nikwambie kabisa kabla hatujaenda mbali, shida yako siyo kukariri, maneno unayo ya kutosha. Shida ni njia unayopita. Unawaza kwa Kiswahili, unahamia Kiingereza sababu programu ya simu inakutaka hivyo, alafu kutoka Kiingereza ndo unaingia Kihispania. Ni sawa na kubadilisha shilingi kuwa dola alafu dola kuwa yuro, kila dirisha unakatwa kitu. Na kwenye kuelezea watu ndo unakatwa vibaya zaidi, kwa sababu hapo Kiswahili na Kihispania vimekaribiana mno kuliko watu wanavyodhani.

Angalia hizi nne. Dada yangu ni mrefu. Dada yangu yuko Kibaigwa. Dada yangu amechoka. Dada yangu ana njaa. Sasa zipeleke Kiingereza, utaona zote nne zinaingia kwenye "is", mrefu is, Kibaigwa is, uchovu is, njaa is. Ukishafika hapo tofauti imeshapotea, na Kihispania kinaitaka tofauti ileile uliyoitupa njiani: "mi hermana es alta", "mi hermana está en Kibaigwa", "mi hermana está cansada", "mi hermana tiene hambre". Umeona? Ni ikawa es, yuko ikawa está, amechoka ikawa está cansada, ana ikawa tiene. Hukuhitaji Kiingereza hata kidogo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nataka ukifanye ni hiki, ukitaka kusema lolote kuhusu mtu, lisikie kwanza kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kile unachoongea nyumbani, siyo cha kitabuni, alafu uangalie limeanza na nini. Likianza na "ni" mara nyingi sana utatumia ser, kitenzi kinachozaa soy, eres, es na son. Likianza na "ame" au "yuko", ni estar, inayozaa estoy, estás, está. Likianza na "ana", jaribu tener, inayozaa tengo na tiene.

Vitabu vingi vinafundisha kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo ya kupita. Mi hiyo kanuni siipendi, inawapoteza watu. Kijana si atazeeka? Lakini Kihispania kinasema "es joven". Mwanafunzi si atamaliza shule? "Es estudiante." Na aliyekufa, kuna kitu cha kudumu kuliko hicho? Lakini wanasema "está muerto". Mwanafunzi aliyekariri ya kudumu na ya kupita anakosea zote tatu. Wewe ukisikiliza Kiswahili chako huzikosei: ni kijana, ni mwanafunzi, amekufa. Ni, ni, ame. Es, es, está. Na aliye hai tunasema yu hai, ndo hiyohiyo "está vivo".

Hapa pazuri ukapachimba maana kuna vivumishi vya Kihispania vinabadilika maana kabisa ukibadilisha ser na estar, na wageni wanaotabasamu nadhani mara nyingi wanatabasamu hapa. "Aburrido" ndo maarufu. "Estoy aburrida" ni nimeboeka. "Soy aburrida" ni mimi ni mtu wa kuboa, unajitukana mwenyewe. "Está borracho" amelewa, "es un borracho" ni mlevi, na hakuna Mtanzania anayechanganya amelewa na ni mlevi, mtu anaweza kulewa mara moja harusini akaitwa mlevi, ugomvi mkubwa. "Está callada" amenyamaza, "es callada" ni mkimya. "Está tranquilo" ametulia, "es tranquilo" ni mpole. "Listo" nayo: "está lista" yuko tayari, "es lista" ana akili, mjanja. "Está despierto" yuko macho, "es despierto" ni mwepesi wa kuelewa. "Está orgullosa de su hijo" anajivunia mwanae, ila "es orgullosa" mara nyingi ni anaringa, ana kiburi. Na "vivo", ukisema "es muy vivo" humaanishi yu hai, unamaanisha ni mjanja mjanja, huyo mchunge.

Kuna moja lazima nikuonye kama dada yako mkubwa. Usiseme "estoy buena" ukitaka kusema uko vizuri au ni mzima. "Estar bueno" kwa mtu ni kwamba anatamanisha kimwili, kwa hiyo ukimwambia mgeni "estoy buena" umesema kitu kingine kabisa. Niko vizuri ni "estoy bien". Mtu mwema ni "es bueno", "es buena". Na kusikia joto usiseme "estoy caliente" kwa sababu hiyohiyo, sema "tengo calor".

Ile ninayoipenda kuliko zote ni umependeza. Sisi tunatofautisha vizuri sana, dada ni mrembo, na leo amependeza. Kihispania vilevile: "es guapa" ni mrembo, ndivyo alivyo, "está guapa" amependeza, leo, na hilo gauni. Ukimwambia mama wa kigeni ameshuka kwenye gari kajifunga kitenge alichonunua Soko la Majengo, "¡qué guapa está usted!", atafurahi kweli, na hujamkosea heshima maana umetumia usted, yaani wewe ya heshima. Mtoto wa mwenzio hujamuona muda mrefu ukamwona karefuka, "¡qué alto estás!", yaani umekuwa mrefu jamani. Na ni "estás" siyo "eres" sababu unalinganisha na ulivyomwacha, kama sisi tunavyosema umekua, umenenepa, umekonda.

Jingine la "ame" ambalo waliopitia Kiingereza wanakosea sana ni mkao wa mtu. Amekaa, amesimama, amelala, ameegemea. Kihispania kinasema "está sentado", "está de pie", "está dormido", "está apoyado", yaani tendo limeshaisha mtu yupo kwenye ile hali, sawasawa na "ame" yetu. Waliopitia Kiingereza wanasema "está sentando", ambayo ni kama anamkalisha mtu mwingine. Wewe ukimwonyesha mgeni mwenyeji wenu, yule mzee aliyekaa chini ya mbuyu, ni "el señor que está sentado debajo del baobab". Na kama ni bibi ni "sentada", hilo la a na o nakuja.

Ila nisikudanganye kwamba kipimo hiki kinapatia kila mahali. Mgonjwa sisi tunaweza kusema ni mgonjwa, Kihispania ni "está enfermo", kwa hiyo tumia anaumwa uliyonayo kichwani ndo ikukumbushe. Mjamzito, iwe unasema ni mjamzito au ana mimba, ni "está embarazada" na hapo hapo ujue embarazada haihusiani na aibu hata kidogo, wanaotoka Kiingereza wanajikwaa wakidhani ni "embarrassed" yao. Ameoa na ameolewa ni "está casado", "está casada", na ukisikia mtu anasema "es casado" usimsahihishe, nayo inasemwa. Na "loco" mara nyingi ni está hata kama mtu ni kichaa wa miaka yote.

Sasa "ana". Umeandika "soy 24 anos" na wewe mwenyewe kwa Kiswahili usingesema kamwe "mimi ni miaka 24", ungesema nina miaka 24. Basi Kihispania nacho kina miaka: "tengo 24 años". Ana njaa "tiene hambre", ana kiu "tiene sed", ana usingizi "tiene sueño", ana haraka "tiene prisa", ana bahati "tiene suerte", ana hofu "tiene miedo", ana macho makubwa "tiene los ojos grandes", ana nywele ndefu "tiene el pelo largo", ana ndevu "tiene barba". Inakatika kwenye baadhi ya mambo ya moyoni tu, ana huzuni, ana furaha, ana hasira, hizo zinarudi kwenye estar, "está triste", "está contenta", "está enojada" kwa wa Amerika ya Kusini au "está enfadada" kwa wa Hispania. Na "mwenye" yetu wanayo pia: yule mwenye miwani, "el de las gafas", na Mexico utasikia "el de los lentes". Yule dada mwenye shati jekundu, "la de la camisa roja". Kwenye kundi la wageni hii itakusaidia kuliko vivumishi ishirini.

Na ile ñ siyo pambo. Ñ ni ny yetu ya nyumba, "años" inasomeka anyos. Ukiandika "anos" bila kile kialama umeandika sehemu ya haja kubwa, tena wingi. Kwenye simu bonyeza n uishikilie, itatokea. Sauti nyingine nyingi unazo tayari, a e i o u za Kihispania ni hizihizi zetu, hazibadiliki badiliki kama za Kiingereza, j itamke kama kh ya kheri, h usiitamke, basi.

Tuje kwenye o na a, hapa ndo Kiswahili hakikusaidii sana, ila kinakusaidia nusu. Nusu ya kwanza unayo: kupatanisha. Mtoto mrefu, watoto warefu, mti mrefu, miti mirefu, wewe umezaliwa unapatanisha, mwenzako anayetoka Kiingereza kwake kivumishi hakigeuki, anashangaa kwa nini "alto" iwe "altos". Wewe hushangai. Na kama sisi tuna mrefu inayogeuka na hodari isiyogeuka, wao wana "alto" inayogeuka mara nne, alto, alta, altos, altas, na "inteligente" inayogeuka kwa wingi tu, inteligentes. Zinazoishia na e, kama amable, alegre, valiente, paciente, hazijali mke au mume. Zinazoishia -ista hazijali pia, optimista, egoísta, mwanaume ni "egoísta" vilevile, usimgeuze kuwa egoísto. Zinazoishia konsonanti nyingi hazijali, joven, feliz, fácil, ila angalia -or, mchapakazi ni "trabajador" kwa mwanaume na "trabajadora" kwa mwanamke, na mtu wa kuamrisha amrisha wenzake ni "mandón", "mandona". Za mataifa pia zinageuka, "español, española", "inglés, inglesa", na wewe ni "tanzana", kaka yako "tanzano", herufi ndogo zote.

Nusu ambayo huna ni jinsia. Kiswahili "yeye" haisemi kama ni mama au baba, na unaweza kumsema mwalimu wako dakika kumi nzima asijulikane ni mwanaume au mwanamke. Kihispania hakikupi hiyo nafasi. Na anayesahaulika kuliko wote ni wewe mwenyewe! Wasichana wengi ninaowafundisha wanajiita "cansado, contento, listo" kwa sababu ndo neno lilivyo kwenye kamusi. Wewe ni mwanamke, kila kivumishi kinachokuhusu kinachoweza kubeba a kiwe na a, kuanzia leo mpaka utakapozeeka: estoy cansada, estoy lista, soy alta, soy trabajadora. Nashauri ukikariri kivumishi kipya kikariri na a kwanza, ukikitamka kuhusu wewe. Kundi la wanawake na mwanaume hata mmoja linakuwa la kiume, "mis hermanos son altos" inaweza kuwa dada watatu na kaka mmoja, ndo maana "hermanos" inakaa vizuri kwenye ndugu, na "padres" ni wazazi wote wawili.

Hapa kuna mtego mtamu sana kwa sisi tunaotumia ngeli. Kwetu kiumbe chenye uhai kinashinda umbo la neno. Kijana linaanza na ki lakini tunasema kijana mrefu, siyo kijana kirefu. Kiongozi mzuri, siyo kiongozi kizuri. Uhai unashinda. Kihispania mara nyingi ni kinyume, neno linamshinda mtu. "Persona" ni la kike, kwa hiyo hata ukimsema babu yako mwenye ndevu mpaka kifuani, "mi abuelo es una persona muy simpática", simpática na a, kwa sababu unapatanisha na persona siyo na babu. Ndo maana "una persona bueno" yako imekataa, ni "una persona buena" au kizuri zaidi "una buena persona". Na "gente" ni watu, lakini kwao ni umoja tena wa kike, "la gente de Dodoma es simpática". Nimesikia hata watu wenye Kihispania kizuri tu wanateleza kwenye gente, maana moyo unaona watu wengi mdomo unasema son.

Sasa maneno yenyewe. Kiswahili kina vivumishi vichache vinavyobeba kazi nyingi, na hapa ndo umejikwaa kwenye dada na kaka. Mrefu na ndefu kwetu ni -refu ileile, mtu au barabara ya kwenda Iringa. Kihispania mtu ni "alto", barabara na nywele ni "largo". Umesema dada yako ni "larga", sema "alta". Mfupi nayo hivyohivyo, nywele fupi "pelo corto" lakini mtu mfupi ni "bajo", au ukitaka kulainisha "bajito". Na ukisema "mi hermano es corto" mgeni anaelewa kaka yako akili yake nzito, pole yake. Mkubwa vilevile, dada mkubwa ni "hermana mayor", mdogo ni "hermana menor", "grande" achia umbo. Hata mzee, badala ya "una mujer vieja" sema "una señora mayor", ina adabu ndani yake, na sisi watu wa adabu. Mzuri nayo inabidi uamue, mzuri wa sura ni guapo, bonita, linda, mzuri wa tabia ni buena. Mkali, kama ni mwalimu ni "estricta", kama ni mbwa ni "feroz".

Rangi ya ngozi ndo sehemu ya kwenda taratibu. Dodoma tukisema dada yangu ni mweupe kila mtu anaelewa ni mwafrika mwenye ngozi ya kung'aa kidogo. Ukisema "mi hermana es blanca" mgeni anapata picha ya mzungu, alafu unamwonyesha picha anachanganyikiwa. Sema "tiene la piel clara". Mweusi ni "negra", na Hispania "una mujer negra" ni neno la kawaida tu la kumwelezea mtu, siyo tusi lenyewe. "Moreno" ndo inahamahama: Hispania mara nyingi ni mtu mwenye nywele nyeusi au aliyepigwa jua, anaweza kuwa mzungu kabisa, wakati Karibi na sehemu nyingi za Amerika ya Kusini ni mtu wa ngozi nyeusi au ya kahawia. Maji ya kunde yetu ina jirani yake kule Amerika ya Kusini, "trigueña", wao wamechukua rangi ya ngano. Nywele za kipilipili unaweza kusema "pelo muy rizado" ukaeleweka popote, au "pelo afro", na Mexico nywele za kujikunja utasikia wanaziita "pelo chino", na blondi wanamwita "güero" badala ya "rubio".

Ila neno kuwa la kawaida kwenye kamusi haina maana utamwita nalo mtu yeyote. Wapenda mpira wanakumbuka Oktoba 2011, Luis Suárez wa Liverpool na Patrice Evra wa Manchester United, Suárez alitumia neno "negro" wakati wanabishana uwanjani, chama cha soka cha England kikamfungia mechi 8 na faini ya pauni 40,000. Alijitetea kwamba kwao Uruguay watu wanaitana hivyo. Miaka 9 baadae Edinson Cavani, wa Uruguay pia, aliandika Instagram kumshukuru rafiki yake "gracias negrito", akafungiwa mechi 3 na pauni 100,000. Kwao wanaitana kweli kwa upendo negro, gordo, flaco, viejo, mke anamwita mumewe gordo na wanapendana. Na majina ya utani ya mpira ndo yamejaa hivi vivumishi: César Luis Menotti aliyeifundisha Argentina ikachukua Kombe la Dunia 1978 aliitwa El Flaco, mwembamba, Marcelo Bielsa ni El Loco. Lakini hayo ni ya watu waliokula chumvi pamoja. Wewe ni mwenyeji wa wageni, ukimsikia mzee anamwita mkewe gordita tabasamu tu, usiige.

Unene hasa. Kwetu umenenepa ni pongezi, mambo yamekunyookea. Usiipeleke Kihispania. "Estás más gorda" kwa mama wa Madrid umemuumiza. Kama lazima umtambulishe mtu mnene kwenye kundi tumia kile anachovaa au alipokaa, "el señor de la gorra azul", yule mwenye kofia ya bluu, na kama unamsema ndugu yako kwa mapenzi basi "gordito", inakaa karibu na kibonge chetu. Ile -ito, -ita jifunze kuitumia, bajito, flaquita, viejito, inapunguza makali.

Mahali pa kivumishi nitapita haraka. Kama Kiswahili, kinakuja baada ya jina, mtu mrefu, "un hombre alto". Vichache vinatangulia na vikitangulia vinabadilika, "un gran hombre" mtu mkuu, "un hombre grande" mtu wa mwili mkubwa, "un viejo amigo" rafiki wa siku nyingi hata kama ana miaka ishirini. Ila moja unayo tayari: maskini mama wa watu, na mama maskini. Ya kwanza unamwonea huruma hata kama ana magari, ya pili hana hela. Kihispania ni hivyohivyo kwa mpangilio uleule, "la pobre señora" na "la señora pobre".

Basi aya yako ikae hivi: "Mi hermana mayor es alta y tiene la piel clara. Hoy está cansada. Mi hermano es bajito. Mi madre es una buena persona. La gente de Dodoma es simpática. Tengo 24 años." Sentensi zilezile zako, hakuna neno gumu hata moja limeongezwa.

Mazoezi usifanye kwenye programu ya simu peke yake. Kaa stendi au sokoni, chagua mtu mmoja kwa macho, mseme kimoyomoyo kwa Kiswahili kwanza, amekaa, amevaa kanzu, ana ndevu, ni mzee, amechoka, alafu igeuze: está sentado, lleva una túnica blanca, tiene barba, es un señor mayor, está cansado. Lleva ndo amevaa. Fanya kwa mwanaume alafu kwa mwanamke mfululizo, mpaka ile a itoke bila kuitafuta.

Na kwa kazi yako ya Kolo, michoro ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, andaa maneno ya watu waliochorwa pale maana ndo utakayoulizwa kila siku. Wale watu wekundu warefu wembamba sema "figuras humanas rojas, altas y muy delgadas", na ni delgadas siyo delgados kwa sababu unapatanisha na figuras, hata kama waliochorwa ni wanaume. Wenye vichwa vikubwa, "con la cabeza grande". Waliosimama, "están de pie". Aliyelala, ukisema la figura, "está acostada". Ukifika kwa mnyama, mfano twiga, "jirafa" ni la kike, twiga dume na jike wote "la jirafa alta".